Kutengeneza na Kuuza Nyumba za Wanasesere kwa Wakusanyaji Watu Wazima: Mwongozo kwa Mafundi wa Mtwara na Lindi

Mkusanyaji wa nyumba za wanasesere ni mtu mzima anayenunua jengo dogo kwa ajili ya kulitazama, kulipamba na kulihifadhi, wala hana nia ya kumpa mtoto alichezee. Uraibu huu una historia ndefu Ulaya. Nyumba ya Petronella Oortman wa Amsterdam, iliyoanza kutengenezwa mwishoni mwa karne ya 17, sasa iko katika makumbusho ya Rijksmuseum. Nyumba ya Malkia Mary wa Uingereza, aliyoibuni msanifu Edwin Lutyens na kujengwa kati ya mwaka 1921 na 1924, iko katika kasri la Windsor, ina taa zinazowaka na mabomba yanayotoa maji. Chicago, Taasisi ya Sanaa ya jiji hilo inahifadhi vyumba vidogo 68 vya Narcissa Thorne. Watu wanaovitazama vyumba hivyo wanajua tofauti kati ya kiti kilichopunguzwa kwa hesabu na kiti kilichokisiwa kwa macho, na ndio hao utakaowauzia.

Fundi wa kusini anayeingia katika kazi hii hushawishika kuiga nyumba za Kiingereza anazoziona mtandaoni. Huo ni mtego, kwa sababu nyumba hizo hukatwa kwa mashine na kuuzwa zikiwa vipande vya kuunganishwa, na hutaweza kushindana nazo kwa bei. Usichoweza kunyang'anywa ni nyumba ya mawe ya Mikindani yenye roshani, duka la zamani la Lindi ambalo familia iliishi nyuma yake, au nyumba ya udongo na fito iliyoezekwa makuti chini ya mkorosho. Mkusanyaji wa Uholanzi au Japani hatapata mtu mwingine wa kumtengenezea nyumba hiyo kwa usahihi, kwa kuwa huyo mtu mwingine hawezi kutoka asubuhi na futi kamba akaenda kuipima. Wapo pia wateja wa karibu zaidi, yaani Watanzania walioko nje wanaotaka nyumba ya babu yao, watoto na wajukuu wa wafanyabiashara waliowahi kuishi Lindi na Mtwara, na hoteli zinazotaka kitu cha kuweka mapokezi.

Kupima jengo

Anza na jengo moja tu, na ulijue vizuri. Bisha hodi, salimia, jieleze, uombe ruhusa ya mwenye nyumba kabla ya kutoa simu mfukoni, na umweleze wazi kwamba picha na vipimo vitatumika kutengenezea kitu cha kuuza. Pima kimo na upana wa mlango, unene wa ukuta, kimo cha baraza, ukubwa wa zidaka ukutani, unene wa boriti na nafasi kati ya boriti moja na nyingine. Katika nyumba za kale za mawe ya matumbawe, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, ambazo kwa kawaida hazikuzidi mita tatu kwa kiasi kikubwa, na ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Mtu akitengeneza sebule pana ya mraba na kuiita ya Mikindani, mteja aliyesoma kidogo atamgundua mara moja.

Piga picha ukiwa umesimama mbele kabisa ya ukuta, bila kuinamisha simu, na uweke rula au ufito wa mita moja ndani ya picha. Piga pia picha za karibu za kasoro, kama vile chokaa iliyobanduka, kutu inayochuruzika chini ya komeo, na ngazi iliyolika katikati. Hizo ndizo zitakazofanya kazi yako isionekane mpya kupita kiasi.

Kuchagua skeli

Skeli inayotumiwa zaidi na wakusanyaji ni 1:12, ambapo mita moja ya jengo halisi huwa sentimita 8.33. Ipo pia 1:24, ambayo ni nusu yake, na 1:48 kwa wanaopenda vitu vidogo sana. Ukishachagua, kila kitu kitakachoingia ndani ya nyumba hiyo lazima kifuate hesabu hiyo hiyo, kuanzia mlango hadi kikombe. Kanga ya sentimita 150 kwa 110 katika 1:12 huwa sentimita 12.5 kwa 9.2, na maua yake yapunguzwe kwa kiwango hicho hicho. Kipande cha kanga ya kawaida kilichokatwa na kutandikwa kitandani huonekana kama turubai.

Kwa fundi wa kusini, hata hivyo, skeli inaamuliwa pia na gharama ya kusafirisha, na hapa wengi hawapigi hesabu mapema. Makampuni ya usafirishaji wa haraka kwa ndege hulinganisha uzito halisi na uzito wa ujazo, kisha hutoza ule mkubwa. Uzito wa ujazo hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, na kugawanya kwa 5,000. Chukua nyumba yenye upana wa mita 8, kina cha mita 6 na kimo cha mita 7. Katika 1:12 itakuwa takriban sentimita 67 kwa 50 kwa 58, na ukiongeza nafasi ya kufungia utapata boksi la sentimita 78 kwa 62 kwa 70, ambalo hutozwa kama kilo 68 hata kama ndani yake mna kilo 15. Nyumba hiyo hiyo katika 1:24 huingia katika boksi la sentimita 44 kwa 36 kwa 40, ambalo hutozwa kama kilo 13. Chumba kimoja tu cha 1:12, kikiwa ndani ya sanduku lenye kioo mbele, huenda katika boksi la sentimita 40 kwa 35 kwa 35, yaani kilo 10.

Kwa maoni yangu, anza na chumba kimoja cha 1:12. Kinakufundisha kila kitu, kinafika salama, na mteja akikipenda ataagiza nyumba nzima, ambayo utaijenga kwa vipande vinavyofunguka ili isafirishwe ikiwa bapa.

Mbao na vifaa

Kwa kiunzi tumia plaiwudi nzuri ya milimita 6 au 9 isiyo na mapengo katikati ya tabaka zake. Ikague kwa kutazama kingo kabla ya kulipa. Kwa sehemu zinazoonekana, kigezo cha kwanza ni ukubwa wa nyuzi za mti. Mninga ni mti mzuri wa kabati, lakini nyuzi zake na vitundu vyake ni vikubwa mno kwa meza yenye kimo cha sentimita sita, hivyo meza hiyo itaonekana imetengenezwa kwa gogo. Mpingo ndio utajiri wetu: nyuzi zake zimesongamana kiasi kwamba unashika mchoro wa nusu milimita bila kumeguka. Mpingo ni mzito hata huzama majini, hukauka polepole na hupasuka ukikaushwa kwa haraka, kwa hiyo nunua uliokaa muda mrefu kivulini na kuziba vichwa vyake kwa nta. Huhitaji magogo. Mabaki yanayotupwa katika karakana za wachongaji yanatosha nyumba nyingi, mradi upewe risiti na ujue mti ulitoka wapi.

Kuna watu hupaka mti mweupe dawa ya viatu na kuuza kwa jina la mpingo. Mkusanyaji atagundua siku atakapofuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, na baada ya hapo jina lako litatembea katika duru zao likiwa limechafuka.

Vifaa vya kuanzia si vingi: rula ya chuma, skwea ndogo, kalipa ya kupimia milimita, msumeno wenye meno membamba, jiliwa dogo, kisu chenye wembe wa kubadilisha, keekee ndogo ya umeme yenye vichwa vya nusu milimita hadi milimita tatu, gundi nyeupe ya mbao, na msasa namba 120, 240 na 400.

Kuta, dari na paa

Ukuta wa jengo la mawe una unene wa sentimita 40 hadi 50, yaani zaidi ya sentimita 3 katika 1:12. Usitumie ubao mzito wa unene huo. Tengeneza fremu nyepesi, ifunike pande zote mbili kwa plaiwudi, na uache uwazi katikati, ambao pia utapitisha nyaya za taa. Zidaka zikate katika ubao wa ndani kabla ya kufunga ukuta. Unene huu ndio unaoipa nyumba uzito machoni, kwa kuwa mteja anapochungulia dirishani huona kina cha ukuta kabla ya kuona chumba.

Kwa lipu, changanya chokaa iliyochekechwa kwa kitambaa cha chandarua na gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, uongeze mchanga laini kidogo sana. Mchanga wa kawaida wa ufukweni hata ukiuchekecha una chembe ambazo katika skeli hii ni kokoto, tena una chumvi inayovuta unyevu na kutoa ukungu mweupe ukutani, kwa hiyo tumia mchanga wa mtoni uliooshwa. Paka tabaka nyembamba mbili au tatu, kila moja ikauke kabla ya inayofuata. Uchakavu uweke mwisho, kwa rangi ya maji iliyozimuliwa sana, ukianzia chini ya madirisha na juu ya baraza ambako mvua hurukia.

Boriti ya sentimita 12 huwa sentimita moja katika 1:12. Vijiti vya dukani vimenyooka mno; tafuta matawi madogo yenye upindo wa asili, yamenye maganda, yakauke vizuri, kisha yatie kwenye joto. Kiwango kinachotumika kimataifa kutibu mbao za kufungia mizigo ni nyuzi 56 za Selsiasi hadi kwenye kiini kwa dakika 30, na si vibaya ukikifuata kiwango hicho hicho ili dumuzi wasije wakaanza kupekecha nyumba ikiwa sebuleni kwa mteja. Makuti yashone kwa ukindu uliopasuliwa kuwa nyuzi nyembamba, ukizifunga kwenye njiti za fagio safu kwa safu kutoka chini kwenda juu kama waezekaji wafanyavyo. Majani ya mnazi wenyewe ni mapana mno.

Mlango

Hapa ndipo muda wako mwingi utumike, kwa sababu mteja huutazama mlango kwanza na mara nyingi huununua mlango kisha nyumba ikafuata.

Mlango wenye fremu ya kimo cha mita 2.4 na upana wa mita 1.5 utakuwa sentimita 20 kwa 12.5 katika 1:12. Mwimo wenye upana wa sentimita 18 utakuwa sentimita moja na nusu, na ua lililochongwa lenye sentimita 9 litakuwa milimita saba na nusu. Chora mapambo kwa ukubwa kamili kutokana na picha zako, uyapunguze kwa mashine ya kudurufu, kisha ubandike karatasi juu ya ubao wa mpingo. Usikate mwimo kutoka kwenye ubao wake mpaka uchongaji uishe, kwa kuwa kipande chembamba hakishikiki katika jiliwa na kitakuvunjikia mkononi.

Patasi za ukubwa huu hutengenezwa nyumbani. Njiti ya mwavuli mbovu ina mfereji ulio na umbo la herufi U. Ikate, inoe ncha yake kwa jiwe laini, ichomeke katika mpini wa mti, na utakuwa na patasi ya duara ya milimita mbili. Chuma chake ni laini, hivyo itahitaji kunolewa kila baada ya maua machache. Sindano nene ya kushonea magunia, ikinolewa bapa, inafaa kwa pembe.

Kwanza kata mipaka ya mchoro kwa wembe uliosimama wima, kisha shusha ardhi inayozunguka ua, halafu malizia petali. Kihesabu, mchongo wenye kina cha milimita 6 ungekuwa nusu milimita, lakini kina hicho hakitoi kivuli cha kutosha. Shuka hadi milimita 0.8. Huu ni upotoshaji mdogo unaoruhusiwa, na jicho litakushukuru.

Milango ya kale ya pwani haikuning'inizwa kwa bawaba. Kila ubao ulikuwa na ncha juu na chini zilizozunguka katika matundu ya fremu, na mlango ulifungukia ndani. Hilo ni jambo la heri kwako. Toboa tundu la milimita moja juu na chini ya kila ubao, chomeka waya wa shaba ya manjano, na mlango utazunguka bila bawaba ndogo za kuagiza kutoka nje. Mfaa, yaani ule mwimo wa katikati, uugandishe kwenye ubao mmoja tu, kwa sababu ndivyo ulivyo katika mlango halisi. Misumari ya shaba itengeneze kwa vichwa vya pini vilivyokatwa. Malizia kwa msasa na nta ya nyuki. Vanishi inayong'aa huharibu kipimo cha kazi yote.

Vyombo na taa

Vyombo vichache vya kweli vinazidi vingi vya kubahatisha. Kitanda cha kamba, mbuzi ya kukunia nazi, kinu na mchi, mtungi, ungo, mkeka na taa ya chemli vinatosha kuijaza nyumba ya kusini. Punje ya korosho ya sentimita mbili na nusu huwa milimita mbili katika 1:12, na unaweza kushawishika kumwaga ufuta kwenye ungo uonekane kama korosho. Usifanye hivyo: chakula halisi huvuta wadudu na kinaweza kuuzuia mzigo mpakani. Finyanga kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, ukunje kila punje kwa ncha ya sindano.

Kwa taa, tumia balbu ndogo za LED zenye mwanga wa manjano na umeme wa volti 5 kutoka kwenye chaja ya simu, kwa kuwa kila mteja anayo chaja inayoingia katika soketi za nchi yake. Balbu ya volti 3 inayotumia miliampia 10 inahitaji kizuizi cha umeme (rezista) cha omu 200. Weka cha 220, ambacho hupatikana kwa urahisi. Usitume betri ndani ya nyumba, maana za lithiamu zina masharti yake katika ndege.

Bei na makubaliano

Andika saa zako zote kuanzia siku ya kupima jengo. Tuchukulie mfano wa chumba kimoja kilichotumia vifaa vya shilingi 180,000 na saa 120 za kazi, ambazo umezithamini kwa shilingi 5,000 kila moja. Hiyo ni 780,000. Ongeza asilimia 15 kwa uchakavu wa vifaa na vipande vilivyoharibika, yaani 117,000, na 60,000 za kufungia, upate 957,000. Ukiweka faida ya asilimia 25 utafika karibu shilingi 1,200,000 kabla ya usafiri. Atakayekuambia kwamba kwa fedha hiyo angenunua kabati ya kweli si mteja wako, na huna haja ya kubishana naye.

Kwa kazi ya kuagizwa, andikianeni makubaliano yanayotaja skeli, vipimo, vyumba, samani, rangi, tarehe na nani atalipa ushuru wa nchi anakokaa mteja. Pokea nusu ya fedha mwanzoni. Kabla ya kukata mbao, jenga mfano wa karatasi ngumu, mtumie picha, na usiendelee mpaka akubali kwa maandishi. Mabadiliko baada ya hapo yanalipiwa. Mtumie picha za hatua kuu, lakini usimruhusu akuongoze kila siku. Nusu ya pili ilipwe kabla mzigo haujaondoka. Kabla ya kutangaza bei, hakikisha kwamba njia ya malipo unayotumia inakuruhusu kupokea fedha kutoka nje, kwani si kila huduma inayokuruhusu kutuma inakuruhusu pia kupokea.

Picha za kuuzia zipige karibu na dirisha, bila flashi, kamera ikiwa katika kimo ambacho macho ya mtu wa ukubwa huo yangekuwa, yaani sentimita 13 hivi kutoka sakafuni katika 1:12. Piga na picha moja yenye mkono wako kando ya mlango.

Nyaraka, kufungia na kutuma

Sajili jina la biashara kwa BRELA, yaani wakala wa usajili wa biashara na leseni, pata namba ya mlipakodi TRA na leseni ya halmashauri. Ofisi za SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo, mkoani husaidia kwa ushauri. Kuhusu mpingo, karibu jamii yote ya miti ya Dalbergia, ambayo mpingo umo, iliingizwa mwaka 2017 katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, na tangu 2019 bidhaa zilizokamilika zenye mti huo usiozidi kilo 10 kwa mzigo mmoja zimeondolewa katika masharti hayo. Hilo halikuondolei taratibu za ndani, kwa hiyo waulize TFS, yaani wakala wa misitu, kuhusu vibali vya mazao ya misitu na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kuhusu ukaguzi wa afya ya mimea kabla hujapokea fedha za mteja.

Kwa nchi za Umoja wa Ulaya, bidhaa ya wakusanyaji haihesabiwi kuwa kitu cha kuchezea watoto ikiwa yenyewe au kifungashio chake kina maandishi yanayosomeka kwamba imekusudiwa wakusanyaji wa miaka 14 na zaidi. Bandika lebo hiyo kwa lugha anayoielewa mteja, chini ya nyumba na juu ya boksi.

Ondoa samani zote, zifunge moja moja kwa karatasi laini na uzipe namba zinazolingana na picha ya chumba. Milango ifungwe kwa utepe usioacha gundi. Nyumba ikae ndani ya boksi la kwanza, na boksi hilo likae ndani ya la pili likiwa na sentimita tano za sponji kila upande, kwa sababu kabla ya kufika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam mzigo huenda utasafiri zaidi ya kilomita 400 ndani ya buti la basi.

Jambo la mwisho linahusu hewa. Mbao zilizozoea unyevu wa pwani yetu husinyaa zikiingia katika nyumba inayopashwa joto wakati wa baridi ya Ulaya, na mlango uliokaza vizuri Mtwara utakuwa umelegea huko au umepasuka mwimo. Acha nafasi ya nusu milimita kuzunguka kila ubao wa mlango, usigandishe paneli pana pande zote nne, na ukiweza weka vipande vyako ndani ya sanduku lililofungwa pamoja na vifuko vya kukausha unyevu kwa wiki mbili kabla ya kuviunganisha. Katika karatasi ya maelekezo mwombe mteja aufungue mzigo siku moja baada ya kuupokea, asiuweke karibu na kipasha joto wala dirisha lenye jua, na akupigie picha mlango baada ya majira ya kwanza ya baridi.